Faulo za Ligi Kuu England: bado Beckham
Mangi, unayesema James Ward-Prowse, yule kiungo Mwingereza, kampita David Beckham kwa magoli ya faulo Ligi Kuu England, hapana, hajampita, Beckham anayo 18 na yote kafunga akiwa Man United, dogo Ward-Prowse yuko nyuma yake na 17, moja tu. Mimi nimeanza kucheki mpira vibanda umiza vya Arusha enzi hizo za Beckham, hii ngoma tumebishana sana. Ila msichanganye, hapo ni faulo za moja kwa moja, yaani mpira unapigwa unaingia wavuni bila kuguswa na mwenzake, tena za ligi tu, ile Beckham aliyowapiga Ugiriki 2001 dakika za majeruhi haimo, ile ni timu ya taifa. Na mkitoka England, Juninho, yule Mbrazili, aliziweka 44 akiwa na Lyon ya Ufaransa peke yake, yule jamaa mpira wake ulikuwa unayumba hewani kipa anabaki kushangaa.