Nani kakwambia?

Bibi yangu alikuwa na nembo. Mistari iliyokunjwa kama pembe kwenye kila shavu, mingine kwenye paji la uso, nyeusi yenye ubuluu kwa mbali, na kwenye mdomo wa juu tundu la ndonya, kile kipande cha pambo la mdomoni, ambayo alishaacha kuivaa zamani. Utotoni, kule Newala, nilipenda kulala naye mkekani nikipitisha kidole juu ya mistari ile. Ilikuwa imeinuka kidogo, kama mshono wa nguo. Sikuwahi kuiona mbaya, wala sikuwahi kuiona nzuri. Ulikuwa uso wa bibi, basi.

Siku niliyouona kwa macho mengine tulikuwa ndani ya basi. Nilikuwa na miaka 10, tunampeleka hospitali Mtwara mjini. Vijana wawili nyuma yetu walianza kunong'ona, wakacheka, kisha mmoja akauliza kwa sauti kama huyu bibi alikwaruzwa na chui. Bibi hakugeuka. Alivuta kanga taratibu akaziba mdomo, akaishikilia hivyo mpaka stendi. Nami, Mungu anisamehe, nikasogea dirishani ili nisionekane nimekuja naye.

Naandika haya kwa ajili ya dada zangu na wadogo zangu mnaouchukia mwili mkidhani chuki hiyo mmezaliwa nayo. Hukuzaliwa nayo. Kuna mahali ulipewa, na ukitulia utapakumbuka.

Mimi yangu nilipewa nikiwa na miaka 24, wiki chache kabla ya harusi. Mama mmoja upande wa mume alinitazama akasema bibi harusi lazima ang'ae. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anarudia alichoambiwa yeye. Kesho yake nilikuwa saluni, nikachanganyiwa mkorogo wa kujichubua kwenye kopo la mtindi. Picha za harusi zilitoka nzuri, watu wakasifu, na sifa zile ndizo zilizonifunga: niliupaka mwaka mzima na ushei. Uso ukawa mwekundu, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, na nikikaa mbele ya jiko la mkaa mashavu yalikuwa yanawaka mpaka machozi yananitoka.

Nilipokwenda Newala, bibi alinishika kidevu akanigeuzia uso kwenye mwanga wa mlangoni. "Nani kakwambia?" akauliza. Nikamjibu, "Watu, bibi."

Akakaa kimya, kisha akasema hata yeye aliambiwa na watu. Alikuwa kigori. Fundi alimchanja kwa kisu kidogo, akapaka masizi ya mbarika ili alama ikae nyeusi, na wanawake wakamshika kichwa asitikisike. Aliambiwa msichana asiye na nembo ni mwoga, nani atamwoa? Vidonda vilipopona alijiona mzuri kuliko wenzake wote, na wanaume wakamwona hivyo kweli. Baadaye akaja kuzibia uso huohuo kwa kanga ndani ya basi. Nembo zilikuwa zilezile.

Sitaki kuremba mambo ya kale. Mtoto kukatwa uso bila kuulizwa ni maumivu, na bibi mwenyewe hakutaka mama yangu achanjwe. Ninachosema ni kwamba kila jicho lilifika na hukumu yake. Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipozunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliwapiga picha wanawake wenye ndonya kama vitu vya ajabu vya kupeleka kwao. Kwa watu wa hapa, walikuwa wanawake waliopambika.

Chama kilichokuwa kinatawala nacho kilijaribu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, marufuku. Wasichana walikamatwa barabarani kwa ajili ya mapaja yao. Zaidi ya miaka 50 imepita na mkorogo bado upo, kwa sababu kopo unaweza kulipiga marufuku, lakini yule mama anayesema "lazima ang'ae" hakuna askari wa kumkamata.

Tena hatusemi rangi tu. Sisi huku mtu akinenepa tunamwambia "una afya". Jirani yangu wa Magomeni, hii ya Mtwara, anauza samaki wa kukaanga. Alipimwa akakutwa na sukari, daktari akamtaka apunguze uzito. Akapungua kweli, kwa kutembea na kuacha wali wa usiku. Wateja wakaanza: "Pole, unaumwa?" Kisha minong'ono: huyu atakuwa amekanyaga waya. Wenye umri wangu tunakumbuka jinsi UKIMWI ulivyotufundisha kumwogopa aliyekonda. Yule dada hakuvumilia. Alirudia wali na chapati za usiku ili mashavu yarudi, na watu wakamsifu. Leo ana kidonda mguuni kisichopona.

Nikasikia pia habari za Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, watu waliopenda mwili uliojaa kama sisi. Televisheni ilifika eneo moja la huko mwaka 1995, na mtafiti wa Marekani, Anne Becker, akawahoji wasichana wa shule mwaka huo na tena mwaka 1998. Mwanzoni hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka 3 baadaye walikuwa asilimia 11. Televisheni tu, na sisi tuna simu mkononi usiku kucha.

Binti yangu ana miaka 13. Juzi alinionyesha picha aliyojipiga, nikaona si yeye: simu ilikuwa imemng'arisha na kumchonga pua bila yeye kuiomba. Sikumgombeza. Nilimwuliza swali la bibi, nani kakwambia hiyo ndiyo sura, tukaenda kwenye mipangilio tukaizima pamoja. Nakushauri ukague simu ya mwanao leo. Na Desemba ndugu wakirudi nyumbani, msalimie mtu kwa kumwuliza safari na watoto. Unene wake, wembamba wake na weusi wake viache.

Kama kopo bado unalo, usiache ghafla peke yako ukidhani unajiokoa. Mikorogo mingi ina steroidi, na ukiikatisha kwa siku moja ngozi inaweza kuwaka vibaya kuliko mwanzo. Haidrokwinoni, dawa nyingine ya kujichubua, huzuia ngozi kutengeneza rangi inayoikinga na jua, kwa hiyo jikinge kwa kofia au mtandio. Zebaki, ambayo nayo imo kwenye baadhi ya krimu hizo, huingia mwilini, huumiza figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto. Ukienda kujifungua au kupasuliwa, sema kwamba umetumia, maana ngozi iliyokonda haishiki mshono vizuri.

Mimi nilikwenda hospitali na kopo langu la mtindi nimelificha kwenye mfuko mweusi, naona haya kulitoa. Daktari alilifungua, akanusa, akalifunika. Hakunisema. Aliniuliza mimba ina wiki ngapi.