Mwanangu hatulii na jambo moja

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka 17. Mwaka jana alikuwa mpira tu. Sasa anashinda kwa fundi seremala, na juzi kasema anataka kusomea ngoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo. Baba yake anasema hana msimamo.
Mama, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwacheni ajaribu. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliutaja ujana, miaka 12 hadi 18 hivi, kuwa wakati wa kujiuliza “mimi ni nani?” Ninayemhofia mimi ni kijana anayechaguliwa kila kitu na kukubali kimya. Mwulize kinachomvuta kwenye randa na mbao, umsikilize bila kumkatiza. Baba yake naye amsimulie, kwa ukweli kabisa, alitaka kuwa nani alipokuwa na miaka 17. Kisha mpelekeni Bagamoyo akajionee mazoezi.