Kazi imekauka? Anza na waliowahi kukulipa

Ndugu yangu, umesema ofisi yenu ya uhandisi wa majengo hapo Tudor, Mombasa, ina watu watatu, na tangu mkandarasi wenu mkubwa aondoke simu hailii. Usikimbilie vipeperushi. Mimi nilichapisha, vikaishia kufungia mahamri.

Fungua daftari la miaka 5 iliyopita, uwapigie wateja wa zamani mmoja mmoja. Usiombe kazi, uliza jengo linaendeleaje. Hapa pwani chumvi ya bahari hula nondo: kutu huvimba, zege hupasuka, roshani huanza kumeguka. Mwenye fleti Nyali au Bamburi anaziona nyufa kila siku na hajui amwite nani. Nenda ukakague, umwandikie ripoti ya kurasa mbili yenye picha, kwa ada ndogo. Bure hapana, atakuona huna shughuli. Ripoti hiyo ndiyo huzaa kazi ya ukarabati.

Wasanifu majengo na mawakala wa nyumba nao wajue mnafanya hilo. Zabuni za serikali sawa, na kampuni za vijana, wanawake na walemavu zimetengewa asilimia 30, ila malipo huchelewa. Kodi ya ofisi usiitegemeze huko.