Flashi ya safari: uliza redio kwanza, seva baadaye

Desemba hapa Moshi huwa na kazi zake, na yangu mojawapo ni kujazia watu flashi. Ndugu wamepanda kutoka Dar na Morogoro, wamekula sikukuu kihambani, sasa mizigo imeshafungwa ndipo mmoja anakumbuka: “Shemeji, si una ile kompyuta ya miziki? Niwekee basi zilipendwa za njiani.” Ombi linaonekana dogo. Seva ninayo, kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia Linux, imejaa nyimbo nilizozitoa kwenye CD zangu pamoja na kwaya za mama. Flashi anayo mkononi. Ila ukikopi na kubandika tu, anaweza kufika Himo gari bado liko kimya.

Ndiyo maana sigusi seva kabla sijauliza: itapigwa kwenye nini? Simu ya kisasa inasoma karibu kila kitu. Sabufa ya sebuleni na redio ya gari ni habari nyingine. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na redio ya kiwandani ya huko kwa kawaida ina FM ya kuanzia 76 hadi 90 MHz, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mwenye gari akibaki na redio hiyo, stesheni nyingi hazipati, kwa hiyo flashi ndiyo burudani yake yote. Na baadhi ya redio hizo hazina hata tundu la USB; hapo mtu anatumia kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la sigara, nacho kwa kawaida kinasoma MP3, pengine na WMA, basi.

CD zangu nimezihifadhi kwa FLAC, aina ya faili za muziki, kwa sababu haipunguzi chochote kwenye sauti. Kwenye flashi ya safari FLAC haina maana. Wimbo wa dakika 4 unakula MB 25 hadi 30, wakati MP3 ya kbps 192 (kipimo cha data ya wimbo kwa kila sekunde) inakula kama MB 6 tu, na ukiwa barabarani huku dirisha liko wazi na watoto wanagombania soda nyuma, sikio la kutofautisha hizo mbili silijui ni la nani. Nageuza FLAC kuwa MP3 kwa programu ya ffmpeg. Anayetumia Windows atumie fre:ac, ni ya bure. Nachagua kbps zisizobadilika, maana redio za zamani zikipewa zile zinazopanda na kushuka huonyesha muda wa wimbo kimakosa. Kopi zinakaa kwenye folda ya peke yake, nimeiita Safari. FLAC zenyewe zinabaki kama zilivyo, na nyimbo ambazo tayari ni MP3 nazikopi tu bila kuzigeuza tena, kwani kila ukigeuza unapoteza sauti kidogo.

Kuhusu flashi yenyewe, GB 16 au 32 inatosha kabisa. Kuanzia GB 64 kwenda juu mara nyingi huja zimefomatiwa exFAT, mfumo wa kupanga faili ambao redio nyingi za gari hazisomi. Mfumo wa zamani zaidi, FAT32, ndiyo lugha ya redio.

FAT32 nayo ina vituko vyake. Haikubali jina la faili lenye nukta mbili, alama ya kuuliza wala nyota, wakati Linux inakubali yote hayo. Mama ana albamu ya kwaya ambayo kila wimbo umepewa jina la andiko, mtindo wa “Zaburi 121:1”. Kwenye seva zinapiga vizuri, ukizipeleka kwenye flashi zinakataa moja baada ya nyingine kwa sababu ya ile nukta mbili. Kwenye folda ya Safari naziandika “Zaburi 121-1”, yakaisha.

Kituko cha pili ndicho kinacholalamikiwa zaidi: nyimbo kupiga shaghalabaghala. Redio nyingi hazifuati alfabeti, zinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Wimbo wa saba ukitangulia kuandikwa, ndio utakaotangulia kupiga. Nafomati flashi kwanza, kisha nakopi kwa rsync, programu ya kukopi ya Linux inayozipanga faili kwa majina kabla ya kuzituma. Majina yaanze na 01, 02, 03, siyo 1, 2, 3, la sivyo 10 itakaa mbele ya 2. Kama flashi imeshajaa na hutaki kuanza upya, kuna programu inaitwa FATSort, inapanga upya bila kukopi chochote.

Tukija kwenye zilipendwa zenyewe, kutafuta kwa jina la bendi kunaacha nyimbo nyingi nyuma. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikaja kuwa JUWATA Jazz, halafu OTTU Jazz, jina likibadilika kila chama cha wafanyakazi kilipobadilisha lake. Kwa seva hizo ni bendi nne tofauti. Nilichofanya ni kufungua taarifa za wimbo zilizo ndani ya faili, nikaandika Msondo Ngoma kwenye sehemu ya msanii wa albamu kwa zote, nikaacha jina la zamani kwenye sehemu ya msanii. Sasa nikitafuta Msondo zinakuja zote, na anayetaka kujua wimbo ni wa enzi gani bado anaona. Orodha za kupiga, zile za m3u, usihangaike kuzibeba: zikiwa zimeandikwa njia ya folda za seva, redio haitaikuta.

Waifai ya nyumbani kwa kazi hii inachosha. Chomeka flashi kwenye seva yenyewe kama unaifikia. Kama iko juu ya kabati, vuta waya wa mtandao hadi kwenye laptopu. Hata tundu la kawaida la Mbps 100 linapitisha kama MB 11 kwa sekunde, GB 6 kwa dakika kumi hivi, iwapo flashi nayo ina mbio hizo. Kwenye Linux usiamini mstari wa kuonyesha kazi imeisha, kwa sababu data nyingine bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Andika amri ya sync, subiri imalize, ndipo uchomoe.

Mwisho flashi naishusha hadi kwenye gari lenyewe, najaribu folda ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ile ya mwisho siiachi kamwe. Kuna flashi feki zimeandikwa GB 32 ilhali ndani zina 8. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, ila nyimbo zilizozidi hazipigi. Flashi ukiitilia shaka, ipime ikiwa bado tupu, kwa programu ya F3 kwenye Linux au H2testw kwenye Windows, na shemeji mwambie alete flashi siku moja kabla ya safari.