Kwa wadogo zangu mnaoanza doria: someni habari za kambi ya Wawona

Wadogo zangu mliomaliza mafunzo ya uaskari wa hifadhi na kupangiwa vituo, tafuteni habari za Camp A. E. Wood, kambi ya jeshi la Marekani iliyokuwa Wawona, katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, huko California. Kwa mtu wa doria, humo mna mengi ya kujifunza.

Hifadhi ilitangazwa Oktoba 1890. Mei 1891 Kapteni Abram Wood akafika na wapanda farasi wake kutoka San Francisco. Tangu hapo jeshi likawa linapiga kambi kila kiangazi, baridi ikikaribia linaondoka. Kilichowasumbua zaidi ni kondoo, maana wachungaji walikuwa wakipandisha makundi makubwa kwenye malisho ya milimani.

Sheria haikuwa na adhabu kwa mwenye kuingiza mifugo. Askari wakabuni mbinu: mchungaji anatolewa kwa mpaka wa upande huu, kondoo wake kwa mpaka wa upande wa pili, siku kadhaa za kutembea. Mpaka awafikie, kundi limeshatawanyika. Wachungaji walikoma, lakini msiige. Leo ukifanya hivyo utasimama mahakamani wewe. Kijueni kifungu kinachowapa mamlaka kabla hamjamgusa mtu au ng'ombe wake.

Cha kuiga ni hiki: walichonga herufi T kwenye magome ya miti kuonyesha njia, na Luteni McClure akachora ramani iliyowafaa waliomfuata. Nanyi andikeni. Mkikuta kinyesi kibichi cha ng'ombe, andikeni saa, mahali, na kwato zinaelekea wapi. Msingoje kurudi kituoni. Jioni mtu amechoka, atakumbuka nusu.

Mwaka 1898 vita na Hispania vilichelewesha askari, na kondoo wakafurika hifadhini. Serikali ikaajiri raia, wakiwemo Archie Leonard na Charles Leidig, wenyeji walioijua milima ile vizuri. Kwa hiyo mkifika kituoni, kaeni na wazee wa kijiji kwanza, muwasikilize, hata kama mmetumwa na bunduki.

Mwaka 1899, 1903 na 1904 waliolinda hapo walikuwa askari weusi, na mimi hilo hunigusa sana: waliaminiwa kulinda mali ya taifa lililokuwa likiwabagua. Mwaka 1904 ndio waliotengeneza bustani ya miti na njia zake karibu na kambi. Kambi ilihamia Bonde la Yosemite mwaka 1906, jimbo la California, lililokuwa likilisimamia bonde hilo, lilipolirudisha kwa serikali kuu, na mwaka 1914 jeshi likawaachia raia kazi yote.