Korona iko mbali: je, mashine ndogo ya mkonge itanifaa?

SWALI: Nina ekari saba za mkonge huku Korogwe. Korona, ile mashine kubwa ya kuchakata majani ya mkonge, iko mbali, foleni haiishi, na majani niliyokwisha kukata hunikaukia shambani. Nikinunua mashine ndogo ya dizeli, singa zake (nyuzi za mkonge) zitapata soko la nje? Na ni kweli mkonge uliuawa na nailoni?

JIBU: Nailoni inasingiziwa, ndugu yangu. Muuaji hasa ni polipropilini, ile plastiki ya kamba za rangirangi. Na hakuwa peke yake. Mkonge uliofika Tanga mwaka 1893 (Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu) ulipata soko kwa sababu wakulima wa ngano Marekani na Ulaya walikuwa na mashine za kufunga miganda, nazo zilikula kamba bila kushiba. Kisha ikaja kombaini, inayovuna na kupura papo hapo. Miganda ya kufunga ikatoka wapi? Kamba za kufungia majani makavu zilibaki kidogo, plastiki ikazifuata huko huko. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000. Miaka ya 1990 inakwisha, tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi.

Sasa mashine yako. Jani la mkonge lina singa kama asilimia 4 tu. Ukipeleka tani moja korona, umelipia usafiri wa kilo 960 za maji na makapi ili upate kilo 40. Kwa hesabu hiyo, kuchakata shambani kuna mantiki kubwa, hasa kwa kuwa jani likipitisha siku mbili utomvu hukauka na singa hubadilika rangi.

Tatizo liko kwenye maji. Korona hulishika jani kwa mnyororo, ngoma zenye visu butu zikalikwangua huku maji yakimiminika muda wote. Mashine ndogo unailisha kwa mkono: nusu ya jani, unavuta, unageuza, nusu ya pili. Singa hutoka na utomvu wa kijani. Ukizianika hivyo hivyo zinakuwa na madoa, na mnunuzi anazishusha daraja, maana anapima urefu, rangi na usafi. Zioshe saa ile ile, uzianike juu ya waya, si chini, kisha zipigwe brashi. Kama huna kisima au mto karibu, usinunue.

Wanunuzi wa Saudi Arabia wanaozichanganya na jasi kwenye dari hawadai weupe kama wa kiwanda cha mazulia, lakini uchafu hawaupokei.

Na mikono: chagua mashine yenye mdomo mrefu wa kulishia na swichi ya kuzimia iliyo karibu na mlishaji. Nimeona vidole vikienda. Kabla ya kulipa, chakata kilo chache kwa mashine ya jirani, uzioshe, umpelekee mnunuzi akupangie daraja.