Kwa uliyepata ziro na unaogopa kurudia mtihani: mimi nilirudia nikiwa na hofu hiyo hiyo

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Umesema ulimaliza kidato cha nne ukapata ziro, sasa una miaka 27 na unauza duka la mtu Kariakoo. Unatamani kurudia, lakini kila ukitaka kwenda kujisajili moyo unakuambia kichwa chako si cha shule, ukauliza mtu anaitoaje sauti hiyo. Wengi humu wamekujibu ujiamini kwanza. Mimi siwezi kukujibu hivyo, kwa sababu ningesubiri kujiamini kwanza, mpaka leo ningekuwa nasubiri.

Nilimaliza 2012. Wanaoujua mwaka ule wanaujua. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na waliopata ziro walizidi 240,000, karibu sita katika kila watahiniwa kumi. Nchi nzima ikashtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwezi Mei. Hata baada ya kupangwa upya, zaidi ya nusu walibaki na ziro na mimi nikiwemo. Nilikuwa na D moja tu, alama ya chini kabisa ya kufaulu somo, nayo ya Kiswahili.

Redioni waliofeli tulikuwa laki mbili na zaidi, na watu wazima walikuwa wanabishana kuhusu walimu, vitabu na namna ya kupanga alama. Nyumbani kwetu Mbagala aliyefeli alikuwa mmoja. Baba hakunigombeza. Alikusanya madaftari yangu akampa mama muuza karanga wa kituoni afungie. Wiki kadhaa baadaye nikanunua karanga za mia pale, nikafungua kikaratasi, nikakuta mwandiko wangu: nusu ya ramani ya Afrika Mashariki, Ziwa Victoria nimelipaka bluu. Nilikula zile karanga nikiwa nimesimama barabarani, karatasi nikaikunja nikaitia mfukoni. Sauti unayoisema wewe, kwangu ilianza siku ile.

Nikaenda kujifunza cherehani kwa shangazi Tandika. Kazi ile imenilea na sitaidharau hata siku moja. Mwaka 2018 kikundi chetu cha kina mama kikatembelewa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, alikuja kutueleza mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Dada wa umri wangu kabisa. Alikaa kwenye mkeka na sisi, akatupitisha kwenye katiba ya kikundi kifungu kwa kifungu, na mama mmoja asiyejua kusoma akamweleza mpaka akaelewa anachokitia dole gumba. Mimi ndiye nilikuwa katibu. Alipoona nilivyoandika muhtasari akaniuliza, "Dada, umesomea wapi?" Sikumjibu. Usiku ule nilijua kazi ninayoitaka.

Chuoni ngazi ya cheti walitaka D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Nilihitaji tatu zaidi.

Nikatafuta kituo cha tuisheni Temeke. Siku ya kwanza nilifika mlangoni, nikaona watoto wa miaka kumi na nane, nikageuka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nilikuwa na gauni la mteja napeleka mtaa ule ule, na mvua ikaanza. Nikaingia kujikinga, nikakaa benchi la nyuma na mfuko wa gauni mapajani. Mwalimu alikuwa anafundisha biashara ya utumwa. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Sikuingia kwa ujasiri, mdogo wangu, niliingia kwa mvua, na nikabaki.

Ninachotaka zaidi ukisikie ni hiki. Mwalimu alitupa mitihani ya miaka iliyopita, akasema kila mtu akapige alama maswali yasiyomwingia. Nilikaa nayo usiku chini ya taa ya cherehani. Nikaona swali limeandikwa "Account for". Nikaona "Outline". Nikaona "Distinguish". Habari za Vita vya Majimaji nilikuwa nazijua tangu shule ya msingi, tena kwa Kiswahili ningekusimulia mpaka asubuhi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba "Account for" maana yake toa sababu. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari tukatupwa kwenye Kiingereza, na mimi nilivuka miaka minne yote nikikariri majibu bila kuelewa nimeulizwa nini. Nililia, nakwambia ukweli. Miaka sita nimejiita mjinga, kumbe kilichonishinda kilikuwa maneno yasiyofika arobaini ya kuulizia maswali.

Nikanunua daftari la kurasa 96. Kushoto neno la mtihani, kulia Kiswahili chake na mfano mmoja. Nililiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na futi kamba. Mteja akijaribu nguo nyuma ya pazia, mimi nasoma maneno matatu.

Usidhani sauti ilinyamaza. Novemba 2019 naingia chumba cha mtihani na namba yangu inayoanza na P ya watahiniwa wa kujitegemea, ikawa inaniambia rudi kwenye cherehani yako. Karibu yangu alikaa baba mwenye mvi, amepanga kalamu tatu mezani kwa mstari. Sijui jina lake mpaka leo. Nilitazama zile kalamu zake, nikaanza kuandika.

Nilipata D ya Uraia na D ya Historia. Kiingereza F, Jiografia F. Ukijumlisha na ile ya zamani ya Kiswahili, D tatu. Imebaki moja. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko mwanzo, kwa sababu sasa sauti ilikuwa na ushahidi mpya. Machi 2020 corona ikafunga shule, na tuisheni ikafungwa. Sikuwa na hamasa yoyote. Nilichokuwa nacho ni daftari, na mazoea ya maneno matatu kila mteja. Nikasajiliwa masomo mawili tu, Jiografia na Baiolojia.

Januari ni msimu wa sare. Matokeo ya 2020 yalitoka nikiwa na rundo la sketi za bluu, wazazi wamepanga foleni. Binti wa jirani ndiye aliyeyafungua kwenye simu yake. Jiografia C. Baiolojia D. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamaliza kushona ile sketi iliyokuwa kwenye sindano, maana mwenye nayo alikuwa amesimama pale na mtoto.

Baba nilimwonyesha jioni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza ada ya chuo ni shilingi ngapi.

Sasa turudi kwako. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na ukichelewa unalipa na faini. Usisajili masomo saba kwa kutaka kumkomoa mtu. Chukua yale tu yanayokamilisha sifa za chuo unachokitaka, na kabla hujalipa nenda ukawaulize wenyewe chuoni wanataka nini. Halafu kabla ya lolote, chukua mtihani mmoja wa zamani, kaa nao usiku mmoja peke yako, uangalie ni nini hasa hukukijua.

Ukishafanya hivyo andika hapa umekwama wapi. Daftari langu bado ninalo, limechakaa jalada lakini kurasa ni nzima. Jumapili nikifunga kazi nitalipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikuwekee humu.